Mtu wa Kubishana Naye

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na umeanza tena kupanda ngazi bila kushika ukuta. Kitindamimba wako ameniambia kwamba daktari amekukataza kubeba ndoo, na wewe umemkataza daktari kukukataza. Mwambie mwanangu huyo nimefurahi kusikia amefaulu, na zawadi yake iko njiani. Sisi huku wazima. Shemeji yako ana kikohozi kidogo, lakini unamjua, akikohoa mara mbili anaanza kusema tumgawie nani vitabu vyake.

Nilipata salamu zako za pongezi. Ulisema nimefanya kama mwanamke mwenye akili, nimelinda nyumba yangu. Maneno hayo yamenikaa vibaya tangu siku ile, na kwa kuwa kwenye simu huniachi nikamaliza sentensi, nimeona nikuandikie.

Kila mwaka unaniuliza shemeji yako anafanya kazi gani hasa. Anafundisha falsafa ya maadili: lipi ni haki, lipi ni kosa, na kwa nini. Wewe husema hiyo ni kazi ya wahubiri. Yeye hujibu kwamba wahubiri wana majibu na yeye ana maswali tu, ndiyo maana nguo zake zimechakaa. Asubuhi huweka maji jikoni, akayasahau, akaanza kutembea kwenye ukumbi wetu mwembamba kutoka kabati la vitabu hadi mlango wa bafu, akirudi, akienda, mpaka sentensi moja isimame. Akiwa na siku nzuri zinasimama mbili. Maisha yake yote ameandika juu ya ahadi: kwa nini inatufunga, na lini tunaruhusiwa kuivunja.

Na maisha hayo yote amekuwa na mpinzani. Ni mama mmoja anayefundisha fani hiyohiyo chuo kikuu cha mbali. Shemeji yako akichapisha makala, yule mama huchapisha jibu la kuichana vipande. Shemeji yako naye hulijibu jibu hilo. Kwao hiyo ndiyo heshima. Mimi nilimpa jina la Pingamizi, kwa sababu miaka yangu yote ya kuripoti kesi gazetini nimewasikia mawakili wakisimama na kulitamka neno hilo, na hakuna anayesimama mara nyingi kama yeye.

Jarida lenye jibu la Pingamizi likifika, shemeji yako hulisoma akiwa wima, viatu bado miguuni. Hupiga paja. Husema, “Ah, mama huyu! Hana huruma hata chembe!” Husema kwa uso ambao sikuuona hata siku ya harusi yetu, na wewe ulikuwepo, shahidi wangu.

Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila makala huwa kuna shukrani. Huanza na Pingamizi, jina lake kamili na vyeo vyake, ambaye bila ukali wake kazi ile ingejaa makosa. Kisha, mwishoni kabisa, hunishukuru mimi kwa uvumilivu. Uvumilivu, dada. Kama punda. Mimi ndiye ninayesoma rasimu zake zote na kumwambia wapi nimepotea.

Nilimwonea wivu yule mama kwa utaratibu, jinsi ninavyofanya kazi. Nilitafuta picha yake, nikapata moja tu, ya ukungu, amejifunga kitambaa kichwani. Nilisikiliza sauti ya mume wangu akiongea naye kwenye simu. Sikupata ushahidi wa jambo lolote. Ningepata barua ya mapenzi ningejua la kufanya, nimeripoti talaka za kutosha. Lakini utamshtaki vipi mtu kwa kosa la kumchekesha mumeo kwa hoja?

Mwaka huu Pingamizi aliteuliwa kuwa mtahini wa nje katika idara yao. Ni desturi yao: mwalimu wa chuo kingine huja kusoma majibu ya wanafunzi na kusema kama alama zilitolewa kwa haki. Shemeji yako alimkaribisha chakula. Nilivaa lile gauni la kijani ulilosema linanipunguza. Akaingia mama wa makamo yangu, mnene, viatu vya kuandikiwa na daktari, anahema kwa ngazi zetu. Aliuliza bafu liko wapi, alipotoka akauliza kama kuna chakula, akala kuku kwa mikono miwili. Nilichukia zaidi. Mrembo ningemwelewa.

Walianza kabla sijaketi. Pingamizi anashikilia kwamba ahadi uliyompa mtu ikikoma kuwa na mwenyewe, kwa maana ya kwamba amekufa, haikufungi tena, kwa sababu maiti haumii. Shemeji yako anashikilia inakufunga. Pingamizi alimwuliza kama ameanza kuzeeka au alizaliwa hivyo. Shemeji yako alimwambia ale taratibu, hoja zake zisije zikamkwama kooni pamoja na mfupa. Walikuwa wanamaliziana sentensi. Mimi nilikuwa napitisha chumvi.

Hapo ndipo Pingamizi alipoweka mfupa chini na kusema kwamba katika yote aliyoandika mume wangu, ni mfano mmoja tu uliowahi kumnyima usingizi: ule wa shahidi aliyenyamaza. Akataka kujua aliutoa wapi.

Mfano ule ni wangu. Ni kesi niliyoiripoti. Seremala aliitwa kutoa ushahidi dhidi ya ndugu yake aliyeshtakiwa kuchoma ghala. Mama yao, kabla ya kukata roho, alikuwa amemwapisha asije akasimama kamwe kinyume cha ndugu yake. Aliposimama kizimbani kwa mashahidi alinyamaza, hakimu akamtishia jela, naye akasema tu kwamba alimwahidi mama. Nilimsimulia shemeji yako jioni ile tukiosha vyombo. Nikamwuliza: kama ahadi ilikufa na mama, yule mtu pale alikuwa anamtii nani? Aliacha maji yakimwagika akaenda ukumbini kutembea.

Sasa, mezani, alimjibu Pingamizi kwamba wazo hilo lilimjia tu asubuhi moja akitembea. Hakudanganya, dada. Namjua, yeye hawezi kumdanganya hata mkusanya nauli. Alisahau kabisa. Nilichukua bakuli tupu nikalipeleka jikoni nikasimama nalo.

Kesho yake alikuwa na darasa, hivyo mimi nikampeleka Pingamizi uwanja wa ndege. Tulipofika kwenye maegesho nilimwambia bila kupamba kwamba mfano wa shahidi ni wangu, na swali pia. Nilikuwa nimejiandaa kwa pole, au kwa kutoaminiwa. Hakunipa hata moja. Aligeuka mzima mzima kwenye kiti na kuniuliza, “Kisha akafanya nini?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mhariri wangu alikata mwisho wa habari ile kwa kukosa nafasi, na shemeji yako alitoka jikoni kabla sijaufikia. Nikamwambia: alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akatoa ushahidi wote, waziwazi, bila kumpendelea mtu. Alipomaliza hakurudi kwenye benchi. Alikwenda akasimama karibu na ndugu yake ndani ya kizimba cha mshtakiwa, na askari wawili wakalazimika kumtoa.

Pingamizi akasema hiyo inathibitisha hoja yake: alivunja ahadi, dunia haikuanguka. Nikamwambia haithibitishi kitu, kwa sababu mtu asiyefungwa na lolote hana sababu ya kujipeleka kizimbani. Akasema hayo ni majonzi tu. Nikamwuliza majonzi ya nini, kama hakuna aliyekosewa. Alicheka akapiga paja, akaniambia mimi ni mtu mbaya sana. Nusura ndege imwache.

Tangu hapo hunipigia Jumapili asubuhi, shemeji yako akiwa sokoni. Tunabishana mpaka sikio linapata joto. Nikiwa mahakamani nasikiliza wakili huku nikimtungia yeye jibu. Dada, nimeolewa, nimezaa, nimeandika kurasa za mbele, lakini hakuna mtu aliyewahi kunichukua kwa uzito namna ile. Anapoona nimekosea hanionei aibu. Ananiambia nimekosea wapi, kisha anasubiri niinuke.

Ndipo mwaliko ukaja. Chuo cha Pingamizi kilimtaka shemeji yako akae kule mwaka mzima, waandike pamoja kitabu, yeye sura moja, mama yule sura inayompinga. Wamekiongelea tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Karibu anastaafu, hautakuja mwaliko mwingine. Aliweka karatasi mezani, akasema hatakwenda mpaka mimi niridhike, na hatauliza sababu.

Ulinishauri nikatae, nikakataa. Nilimwambia: “Sitapata usingizi nikijua mko pamoja kila siku mnaongea.”

Macho yakamlowa. Akasema hakujua kwamba katika umri wake bado kuna mtu wa kumgombania. Akaandika barua ya kukataa saa ileile. Tangu siku hiyo amenunua manukato. Tukivuka barabara ananishika mkono. Amewaambia wenzake wa idara kwamba mke wake ana wivu kama msichana, na wale wazee wanamgonga mgongo. Lakini karatasi za kitabu kile amezifunga kwa uzi akazipandisha juu ya kabati, na asubuhi hatembei tena ukumbini. Anakaa karibu na dirisha na chai yake.

Sasa sikia nilichokuandikia nikuambie. Sikuogopa kunyang’anywa mume. Niliogopa kunyang’anywa Pingamizi. Ningekaa hapa nikijua kwamba asubuhi anabishana na mume wangu, mchana anabishana naye, na Jumapili hana tena la kunipigia. Niliyemwonea wivu ni mume wangu, kwa sababu ndiye angekaa naye kila siku. Katika sentensi niliyomwambia hakuna neno la uongo. Na katika somo lake la muhula wa kwanza huwafundisha wanafunzi kwamba anayepotosha kwa maneno ya kweli amekosa sawasawa na mwongo. Najua, mimi ndiye niliyesahihisha maandishi ya somo hilo.

Nilimwambia Pingamizi. Akasema nimemkosea mtu mwema, kwamba udhuru wangu una mashimo matatu, na Jumapili atanionyesha moja baada ya jingine. Huenda nikamwambia shemeji yako ukweli baada ya hapo, mwaliko bado haujapewa mtu mwingine. Huenda nisimwambie. Leo ni Ijumaa, nimeshaandaa jibu la shimo la kwanza, na nakiri kwamba namsubiri.

Kwa hiyo usinipongeze tena. Shemeji yako akikupigia simu kujigamba, msikilize, usicheke, na usimpe fununu. Msalimie shemeji yangu, wabusu watoto, na ndoo waachie wao. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Ni mimi mdogo wako,
wa mahakamani