Firigisi ya Mama Feza

Mikelenge, Kindu

Mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba yote ya Kabalo. Goti limepungua maumivu, au bado unaliinua kwa mikono ukitoka kitini? Mimi ni mzima. Malaria ilinilaza siku tatu, imepita. Dada Kabange akusomee polepole, asiruke mahali, namjua.

Barua yako niliipata. Uliandika kwamba Kindu ilishamchukua baba, isikuchukulie na mimi. Uliandika pia kwamba tangu mjomba Ilunga apeleke neno letu la posa kwa ukoo wa Feza wamenyamaza, na kunyamaza kwao ni jibu. Hapo, mama, nilikuwa naanza kukuamini. Watu wa hapa wanatuogopa sisi wa reli: tunaoa, tunahamishwa, mtoto wao anabaki na watoto. Sasa sikiliza ya Jumamosi.

Rafiki yangu Amisi anahamishiwa Kalemie, basi wote wa depo tulikwenda kula naye kwenye restora moja karibu na soko. Mkubwa wetu mezani alikuwa Papa Ramazani, fundi mkuu, mzaliwa wa Kindu. Tuliagiza wali, sombe ya majani machanga ya muhogo, na kuku. Nilikuwa nacheka kwa sauti, vidole vimejaa sombe, ndipo nikamwona mpishi mlangoni mwa jiko. Mama Feza mwenyewe. Wenzangu walijua kwamba siku hizi anapika pale, wakaninyamazia, wahuni wale.

Utakula vipi mbele ya mama mkwe? Nikafuta mikono, nikainamisha kichwa. Kuku alipoiva alimleta yeye mwenyewe, akatuwekea sahani kila mtu na yake, akarudi jikoni bila neno. Kwenye sahani yangu, juu ya kipande cha paja, kulikuwa na firigisi.

Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Firigisi ni ya mkubwa, nikamhamishia Papa Ramazani. Mama Feza alikuwa anatazama kutoka mlangoni, na uso wake ukabadilika.

"Ngoy, iyi haiko yangu," Papa Ramazani akasema kwa sauti ya chini. "Kwetu mama mukwe akikutilia firigisi, njo amekuitika kuwa mukwe wake. Sasa umemukatalia mutoto wake mbele ya watu."

"Sikujua, papa. Hajasema kitu."

"Aseme nini tena? Amepika."

Akanirudishia kwa kijiko chake. Nami sikuweza kuigusa, na si kwa aibu ya mkwe tu. Unamkumbuka kuku uliyempika mwaka ule wa vita, treni ya baba ilipokuja Kindu isirudi? Firigisi yake, iliyokuwa ya baba siku zote, ulinitilia mimi, nina miaka kumi. Nikaisukuma, nikalia, ukakasirika. Sikukueleza kamwe. Niliona kwamba nikiila, baba hatarudi. Tangu siku ile kila firigisi naipeleka kwa mkubwa aliye karibu, watu wananisifu adabu. Haikuwa adabu, mama. Nilikuwa namwekea baba.

Mama Feza aliona nimekwama, nadhani akafikiri ninamwonea haya. Akanipa mgongo, akaanza kupepea makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

"Kula basi, kaka," Amisi akasema. "Atamaliza makaa ya watu."

Nikala. Ilikuwa na pilipili nyingi, na machozi yangu wakayacheka wakidhani ni ya pilipili. Niliwaacha wacheke. Sahani ilirudi jikoni tupu, na Feza ananiambia mama yake alifika nyumbani akiimba.

Kwa hiyo mjomba Ilunga aje na treni ya kwanza kupokea jibu. Nawe uje naye. Najua uliapa hutakanyaga Kindu, lakini nimechoka kumngoja baba peke yangu huku, nawe unamngoja peke yako huko.

Mjomba apige pasi koti lake. Shangazi Mwamba, mfuga kuku wetu, asimuuze yule jogoo mwekundu, safari hii ana kazi. Dada Kabange namshukuru kwa kusoma mpaka hapa.

Ukija, Feza atampika huyo jogoo, na firigisi nitakutilia wewe. Najua utasema wanawake hawali firigisi. Tangu mwaka ule mkubwa wa nyumba yetu ni wewe, na hakuna aliyekupa. Utaila, mama, nami nitakaa karibu mpaka umalize.

Mwanao,
Ngoy