Kengele ya Ngamia kwa Baiskeli

Mursal uko? Wacha hiyo chai, soma hii kwanza.

Leo nimeitwa mwizi wa ngamia. Mimi. Na mwenye ameniita ni adeer Khalif, baba ya Ifrah. Huyo huyo wazee wetu wanaenda kumuomba anipe msichana Ijumaa.

Sikiza. Nilikuwa napeleka wale wageni wa Nairobi wa baiskeli, ile njia ya changarawe inapanda vilima halafu inashuka mpaka mto Tana. Baiskeli yangu haina kengele, basi nikafunga ile koor ya mbao, ile ngamia wa ayeyo, nyanya yangu, alikuwa anavaa shingoni. Wageni wakaipenda sana.

Tukaanza kushuka. Tok tok tok, koor inalia. Nasikia vishindo nyuma, nikajua ni wageni wananikimbiza. Nikaongeza mbio.

Kuangalia nyuma, ni ngamia. Kundi nzima walahi. Wameacha majani wanafuata koor. Wageni wako juu huko wanapiga picha.

Na nyuma ya ngamia, mzee na fimbo. "Waryaa, mwizi, rudisha ngamia yangu."

Breki yangu unaijua. Nilisimama ndani ya mto. Ngamia wakapanga laini wakaanza kunywa, wametulia kabisa.

Mzee akafika anahema. Akaangalia koor, akaniangalia mimi. "Si wewe ndio unataka binti yangu?"

Nikamwambia ni mimi, adeer.

Mursal, alicheka mpaka akakaa chini kwa mchanga.

"Ngamia wamekukubali. Mimi bado. Ijumaa kuja na wazee wako. Na mkuje kwa miguu."