Taa Iliwaka, Spika Kimya

Sumbawanga

Dada Atusaye,

Shikamoo. Huku upepo unapasua midomo, ila maharage yamekubali na kibanda changu cha ufundi bado kinanilisha.

Jumatatu Isdori wa Pito aliniletea televisheni mpya niiunge na redio yake ya zamani. Sauti inatoka kwenye televisheni hiyo kama mapigo ya umeme, dhaifu, hata volti moja hayafiki. Chipu ya kuyasoma na kuyageuza kuwa sauti ya redio inataka volti tano ndipo itambue kama pigo lipo au halipo, basi nikatengeneza saketi ya kuyapandisha. Niliifurahia kazi ile, maana siku hizi naongea na waya tu.

Taa ya kijani ikawaka kuonyesha mapigo yanapita. Spika kimya. Nikachomea upya viungo vyote, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Ndipo Coleta, jirani anayeuza maandazi, akaingia ameziba masikio kwa viganja, mdomo unamchezacheza.

Spika zilikuwa nzima, dada. Watu nawaambia ni mafua yameniziba masikio.

Simu yako ya Jumapili sikuambulia hata neno moja. Nilicheka kwa sababu kila mara unanichekesha, nawe ukakata. Nimetuma barua kwa kuwa ningetuma meseji ungenipigia hapo hapo. Usipige, niandikie.

Ulikuwa unaniambia nini? Mama hajambo?

Mdogo wako,
Andwele