Jibu la Mgeni Aliyelala Chumbani Kwako

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na watoto. Natumaini kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepoa. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua asubuhi. Mimi nami ni mzima wa mwili, ila kichwa changu sikielewi, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Nikipiga, mama husimama pembeni akisikiliza.

Kazi ya wageni inaendelea. Kikundi chetu cha utalii bado kinawalaza majumbani kwa zamu, wachache wachache, ili kila nyumba ipate chochote na msitu wetu usikanyagwe hovyo. Wale waliotaka kujenga hoteli kando ya mto walirudi, wakaambiwa tena kwamba hapa hapauzwi. Baba mdogo ndiye anayewatembeza wageni kwenye mizinga, anajivuna kana kwamba nyuki wanamjua kwa jina. Mimi ni mkalimani. Utotoni uliponiita Kasuku kwa kurudia maneno ya watu, kumbe ulikuwa unanitafutia ajira!

Mwenyekiti wetu, yule fundi cherehani, hajapunguza ukali. Jirani mmoja alificha redio na taa ya sola ili wageni wamwone mtu wa kale. Mwenyekiti akamuumbua mbele ya mkutano, akasema hatuwezi kuigiza maisha yetu wenyewe. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba wageni waone tunavyoishi, na mkalimani aseme alichosikia bila kutia chumvi wala kupunguza. Nilipiga makofi kuliko wote.

Basi wiki iliyopita zamu ilikuwa yetu, tukampata mama mmoja mtu mzima, muuguzi mstaafu. Alilala chumbani kwako. Najua hilo linakukera. Ulisema kwenye simu kwamba ukitaka kuja nyumbani itabidi uweke nafasi, ukacheka, lakini mama hakucheka. Jioni tulikaa jikoni tukichambua maharage, mimi katikati yao. Mgeni akauliza ile picha ya ukutani ni ya nani. Jibu nilikuwa nalo, kwamba ni mama mdogo aliyefariki kabla sijazaliwa. Lakini mama aliweka ungo chini akaanza kueleza, na hakunitazama hata mara moja.

Kaka, sijui hili linaandikwaje, kwa hiyo naliandika lilivyo. Alisema mama mdogo ndiye aliyekuzaa. Akafariki siku hiyo hiyo, na mama akakupokea ukiwa bado hujapewa jina. Hakukwambia kwa kuogopa kwamba utaanza kujiona mgeni humu ndani. Sasa huji, na moyoni anaamini kuna mtu amekwisha kukwambia.

Kisha akasubiri nitafsiri. Mgeni naye ananingoja. Nikamwambia mgeni kwamba huyo ni mdogo wake mama, alikuwa mcheshi, na anamkumbuka sana. Basi, nikaishia hapo. Mama akaniagiza nimuulize mgeni: kama yeye ndiye angekuwa huyo mtoto, angerudi nyumbani? Ningeulizaje, na mtoto mwenyewe sikumtaja? Nikamuuliza kama angependa kurudi hapa kwetu siku moja. Akamshika mama mkono, akasema angerudi hata kesho, kwa sababu hapa amejisikia kwao. Hayo ndiyo niliyoyatafsiri neno kwa neno.

Ungemwona mama! Mgeni alipoondoka tu, alifua mashuka, akatoa godoro juani, akaenda kwa mwenyekiti kusema chumba kimepata mwenyewe, wasimpangie mtu. Mwenyekiti akaniuliza nani anakuja. Nikasema sijui, na kweli sijui. Gari likisikika barabarani, mama anafuta mikono na kutoka nje.

Nimechanganyikiwa, kaka. Sijui kama alikuwa anamweleza mgeni au ananieleza mimi. Nikimwambia kwamba mgeni hakuulizwa swali lake nitamvunja moyo, nikinyamaza ataendelea kungoja. Na hata sasa sijui kama nina haki ya kukuandikia jambo ambalo labda alitaka kukwambia mwenyewe. Nisamehe. Kwangu wewe ni yule yule aliyenibeba mgongoni kuvuka mto huku akitishia kuniangusha.

Yule mgeni alijibu swali langu. La mama bado liko pale jikoni, na ukija kulijibu hamtanihitaji mimi katikati.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Lile dirisha la chumbani kwako lililokuwa linagoma kufunga nimelitengeneza. Njoo tu, usiweke nafasi.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku