Anjela Kahamishiwa Sauti ya Pili

Jumapili, Oktoba 1996

Natangaza rasmi, kwa heshima zote, kwamba leo nimepaka viatu rangi. Si mimi peke yangu. Safu nzima ya besi katika kwaya yetu ya Mtawanya ilikuwa inang'aa, maana Anjela amerudi.

Anjela wa disko, ambaye kanda zake zinapigwa mpaka kivukoni Kilambo. Kwa mama yake, mwalimu wetu wa kwaya, ni mtoto aliyetoroka sauti ya kwanza akaenda kuimbia walevi Dar. Miaka tisa hawajasemezana.

Leo kaingia mazoezini kimya, kasimama palepale pake pa zamani. Tulipoanza akatufunika wote, mabega yakicheza yenyewe.

Mama akagonga meza. "Wewe, hapa hakuna aliyelipa kiingilio. Nenda sauti ya pili. Ya kwanza ina wenyewe."

Nilijua ataondoka.

"Haya, mama," akasema, akahama, akaimba kwa adabu mpaka mwisho. Sijui kwa nini jasho lilinitoka mimi.

Wakati wa kutoka, mama akamwambia bila kumtazama, "Jumapili ijayo uwahi. Tunaanza saa nane."

"Nitawahi, mama."

Meli yake ya Dar inaondoka Jumatano.