Mtungi wa Kogo

Bondeni, Nakuru
Tarehe 14 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Jerop,

U hali gani huko Doha? Natumai joto halijakumaliza na ule mgongo umepona. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Viazi Kuresoi vimekubali mwaka huu, na Kogo, mama yako, bado anafukuza kuku wa jirani kwa fimbo yake ileile.

Nilienda Pwani na wanafunzi wenzangu wa chuo, kwa gari la kukodi. Shangazi, kama huo ndio usomi, heri ningebaki nikichimba viazi. Kutoka Mombasa hadi Malindi bahari inajificha na kujitokeza, buluu tupu, na hakuna aliyeitazama. Kila ikijitokeza wanashuka, wanaipa mgongo, wanajipiga picha, wanarudi ndani kulalamikia jua. Pale Kilifi darajani, mwenzetu Cate alikuwa anauliza chipsi zinauzwa wapi.

Mimi nilikuwa na kazi moja. Kogo alinipa mtungi wa plastiki wa lita tano nimletee maji ya bahari. Alitaka anawe uso kwa maji uliyovuka ukienda kutafuta kazi. Nilimwambia ulienda kwa ndege. Akaniuliza, "Na ndege ilipita juu ya nini?" Basi nikaujaza Watamu, wenzangu wakicheka mpaka wakakaa chini.

Aliyecheka zaidi ni Lewis, kiongozi wa safari, mwaka wa tatu akisomea injini za magari. Tukirudi, gari likachemka karibu na Mtito Andei. Nilikuwa nimeenda msalani. Kurudi, mtungi mtupu. Bingwa wetu alikuwa ameyamwaga yote kwenye rejeta. Dereva alishika kichwa.

"Si maji ni maji tu?" Lewis akasema.

Maji ya chumvi, Shangazi, ndani ya injini! Hata mtoto wa darasa la pili anajua chumvi hula mabati. Debe tupu haliachi kuvuma. Tulikaa hapo kwa saa tatu dereva akiosha rejeta, na huyo bwana akijipiga picha.

Sasa sikia aibu yangu. Tulipofika Elementaita nilimwomba dereva asimame, nikashuka kwenye lile ziwa la magadi nikaujaza mtungi. Nilijiambia chumvi ni chumvi. Ona nilivyogeuka kuwa Lewis.

Nyumbani, Kogo alinawa polepole, akalamba midomo, akanitazama.

"Chepkorir, maji haya niliwanywesha ng'ombe wa mzungu kabla baba yako hajazaliwa."

Hakunigombeza hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniuma. Alimwaga yaliyobaki, akausuuza mtungi, akauweka karibu na mlango.

"Acha. Ya bahari ataniletea Jerop mwenyewe."

Bado uko hapo, na haruhusu mtu auchotee maji. Miaka sita tangu uondoke, Shangazi.

Baba anakusalimu, na mdogo wangu Winrose pia, ambaye sasa amenipita urefu. Mungu akutangulie kila uendako, na akurudishe.

Ni mimi, binti wa kaka yako akupendaye,
Chepkorir