Mshipi Ndani ya Karai

Jumanne, 4 Februari
Tena kwenye uwanja wa shule baada ya vipindi. Nimekaa juu ya kreti ya soda, miguu mbele, kama nitakavyokaa kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba, kule ziwa Chala. Kutupa mshipi ukiwa umekaa ni kazi. Ukishusha mkono kidogo tu, mshipi unakwaruza chini nyuma yako. Askari wa lango amecheka hadi machozi. "Madam, hapa Voi unavua nini, vumbi?" Nimenuna. Mara ya saba mshipi wa njano ukajikunjua hewani polepole, chambo cha manyoya kikatua bila sauti. Hata yeye aliacha kucheka.

Alhamisi, 6 Februari
Nimempeleka Baba kliniki. Presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Dawa itachelewesha tu. Alizaliwa kando ya ziwa huko magharibi, alikuwa akivua na babake, halafu kazi ya reli ikamleta Voi na tangu hapo samaki ni wa sokoni. Nataka anione nikivua kabla giza halijamfikia. Sitaki lingine.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya kanisa, mazoezi. Kutupa sasa kuko sawa. Shida ni mshipi wa ziada ninaouvuta kutoka kwenye rili, kile kigurudumu unakozungushiwa. Unaanguka mapajani, unazunguka kiatu. Nimeweka karai la kufulia katikati ya miguu uanguke humo. Baba ameupapasa, akasema nimeurundika kama nguo chafu. Nimemwambia huu si uvuvi wa kwao.

Nilijibu vibaya.

Jumamosi, 15 Februari
Chala. Ziwa halionekani mpaka ufike ukingoni, halafu ardhi inaisha. Maji ya buluu, kule chini kabisa, kimya. Magoti ya Baba hayawezi ule mteremko, nikamwacha juu kwenye kiti. Mwakio, anayetunza kayaki, alinisaidia kushuka na karai.

Nilitupa mara tatu, nikijiona mdogo katikati ya zile kuta za mawe. Ya nne, samaki alishika papo hapo. Mshipi uliobaki ukatoka karaini fundo zima, ukanasa kafi. Nikayumba, maji yakaingia, mshipi ukakatika. Nililia kama mtoto.

Juu, Baba aliuliza kama nimeshaanza. Hakuniona kabisa. Aliona buluu tu, kubwa, akasema inatosha. Mimi haikunitosha.

Jumatatu, 17 Februari
Nimetoka shule nikamkuta barazani, karai mapajani, macho ameyafumba. Ameshatoa mafundo yote. Alikuwa anaupanga mshipi upya kwa vidole, kuanzia upande wa rili, duara juu ya duara. "Wa kutoka kwanza ulale juu, mama. Wewe ulikuwa unauzika chini." Hivyo tu. Wiki mbili sikuliona kosa hilo, na yeye amelishika kwa vidole.

Nimemshika mkono mpaka uwanjani. Nikakaa kwenye kreti, yeye akachuchumaa kando kwa shida, vidole juu ya karai. Nikatupa. Mshipi ulipita katikati ya vidole vyake, duara baada ya duara, wote, bila fundo hata moja. Ulilala karibu na lango. Askari hakucheka.

Baba alibaki ameacha vidole wazi, ingawa karai lilikuwa tupu.

"Sasa nimekuona," alisema.